Mfumuko umepungua, mbona bei haishuki? Habari za uchumi kwa sikio la mwanafunzi wa Kiswahili

Shangazi yangu anakaanga maandazi Mbagala, Dar es Salaam, na kila alfajiri redio huwashwa kabla ya jiko. Nakaa kwake tangu nilipoanza shahada ya Kiswahili, na kwa kuwa mimi ndiye "msomi" wa nyumba, kila kinachotatiza kwenye taarifa ya habari huletwa kwangu. Mwanzoni nilidhani nitapata taabu na maneno mazito: hatifungani, nakisi, urari wa malipo, fahirisi. Sivyo ilivyokuwa. Shangazi akisikia neno asilolijua huuliza, nami hujibu, au huenda kutafuta na kurudi na jibu jioni. Taabu imeletwa na maneno anayoyajua. Pato, kodi, kukua, kupungua. Haya haulizi, maana amekua nayo, na kila moja likipita redioni yeye hulipokea kwa maana yake ya nyumbani huku mtangazaji akiwa amekusudia nyingine.

Siku moja mtangazaji alisema mfumuko wa bei umepungua. Shangazi akaacha kukanda. "Umesikia? Bei zimepungua. Sasa Mangi mwenye duka pale kona ananiuzia mafuta kwa bei ile ile kwa nini?" Alishaanza kujifunga khanga vizuri aende kumkabili. Nikamwomba asubiri, nikamweleza kama nilivyosoma: mfumuko wa bei ni kasi ya kupanda kwa bei, na kasi ikipungua bei bado zinapanda, ila polepole. Akanitazama kama wakili wa Mangi.

Wiki kadhaa baadaye, tukiwa darasani kwenye mnyambuliko wa vitenzi, ndipo nilipotambua kwamba Shangazi alikuwa amesikia sawasawa. Chukua kitenzi fuma. Ukikitia kiambishi cha kutendua unapata fumua, kama funga inavyozaa fungua na ziba ikazaa zibua. Kisha inakuja fumuka: kilichofumwa kimeachia chenyewe. Mshono hufumuka, nywele zilizosukwa hufumuka, mkutano nao hufumuka watu wakatawanyika. Ni neno la kitu kilichokuwa kimeshikana kikaachia. Basi anayeambiwa mfumuko umepungua ana haki ya kuelewa kwamba pale palipoachia pameanza kushonwa, na bei inarudi mahali pake. Hivyo ndivyo Kiswahili kinavyosema. Mwanauchumi ndiye aliyelichukua neno la tukio akalifanya kipimo cha mwendo, na hakutuarifu.

Tazama inavyokuwa kwa takwimu. Kwa hesabu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, wastani wa mfumuko wa bei Tanzania ulikuwa asilimia 4.3 mwaka 2022, ukawa 3.8 mwaka 2023, ukawa 3.1 mwaka 2024. Kwa miaka miwili mfululizo, basi, habari ilikuwa kwamba umepungua, na mtangazaji hakusema uongo. Sasa tuseme mwaka 2021 kapu lako la mahitaji lilikugharimu shilingi 100,000. Mwaka 2022 lilikugharimu 104,300. Mwaka 2023 likafika 108,260 hivi, na mwaka 2024 likawa 111,600 na ushee. Katika miaka ile ile miwili ya "kupungua", kapu limeongezeka zaidi ya shilingi elfu saba, na lile ongezeko la mwaka wa kwanza halikurudishwa na mtu.

Nilipomwandikia Shangazi hesabu hiyo nyuma ya mfuko wa unga, alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Kwa hiyo unga bado unaumuka, ila hamira imekuwa chache." Sijakutana bado na maelezo bora zaidi ya hayo, na nimepekua vitabu. Donge la ngano lililotiwa hamira kidogo linaumuka taratibu. Hakuna aliyewahi kuliona likirudi chini kwa sababu hamira ni chache.

Kuna jambo jingine hapo ambalo taarifa ya habari hulipita kimya. Benki Kuu ya Tanzania inalenga mfumuko ubaki kati ya asilimia 3 na 5. Maana yake ni kwamba hata mambo yakienda kama yalivyopangwa, bei zitaendelea kupanda kila mwaka, kwa utulivu. Hakuna mpango wa kuzirudisha zilikokuwa, wala wachumi hawautaki, kwa sababu bei zikianza kushuka zote kwa pamoja wanunuzi huahirisha kununua, wafanyabiashara hupunguza watu kazini, na aliyekopa anajikuta analipa deni lile lile kwa mapato yaliyonywea. Kinachotafutwa ni mwendo wa pole unaotabirika. Waliokuwa watu wazima Desemba 2011, mfumuko ulipofika asilimia 19.8, wanajua kinachoogopwa ni nini. Lakini lengo hilo lingetangazwa kwa Kiswahili cha sokoni, kwamba "tunakusudia bei zipande kidogo kidogo kila mwaka", nadhani simu zingepigwa redioni mpaka usiku.

Halafu kuna hilo kapu lenyewe. Tarakimu ya mfumuko hutoka kwenye orodha ya bidhaa na huduma ambazo kila moja imepewa uzito wake. Chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa takriban asilimia 28. Zilizobaki ni nishati na pango, usafiri, mawasiliano, fanicha, elimu, migahawa na nyumba za wageni, na kadhalika. Kapu hilo ni la taifa zima likiwa limechanganywa pamoja. Nyumbani kwa Shangazi chakula kinakula zaidi ya nusu ya fedha, na kazini kwake maisha yote ni ngano, sukari, mafuta na mkaa. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika, baada ya mvua za El Niño kukwamisha mashamba ya miwa na viwanda, Serikali ikatangaza bei elekezi, na mitaani sukari ikauzwa juu ya bei hiyo. (Shangazi: "Inaelekeza wapi? Mimi imenielekeza kwenye deni.") Mwaka ule ule ndio mfumuko wa taifa ulikuwa 3.1. Zote mbili ni kweli. Wastani wa taifa haumwoni mtu mmoja mmoja, kama vile kina cha wastani cha mto kisivyoweza kumwambia mvukaji atazama wapi.

Neno pato lina mkasa wake. Kila mwaka, Juni, kabla ya kusomwa bajeti, tunaambiwa Pato la Taifa limekua kwa kiasi fulani. Kwa mwaka 2024 lilikua kwa asilimia 5.5. Pato linatokana na pata, na katika nyumba yoyote ya Kiswahili pato ni kitu kilichoingia mkononi. Mtu akisikia taifa limepata, ataangalia mfuko wake kwanza, na akiukuta ulivyokuwa atahitimisha kwamba kuna aliyekula.

Huenda kuna aliyekula, lakini tarakimu hiyo haiwezi kukuambia. Inachopima ni thamani ya bidhaa na huduma zilizozalishwa ndani ya mipaka ya nchi kwa mwaka, awe nani mwenye kuzimiliki. Dhahabu ikichimbwa Geita na kampuni ya kigeni, thamani yake imo ndani ya pato letu, hata kama gawio linakwenda kwa wenye hisa wa ng'ambo. Mahindi aliyoyalima Bibi kijijini na kuyala mwenyewe hukadiriwa yakaingizwa, lakini kazi yake ya kusonga ugali haimo. Andazi Shangazi analomuuzia kondakta wa daladala limo, walau kwa makadirio, kwa kuwa biashara yake haina vitabu. Lile analoniwekea mimi kwenye sahani halimo. Ingekuwa haki tungesema "zao la nchi" au "mazalisho ya nchi", na kelele nyingi zingepungua. Lakini pato limeshakaa, limeandikwa kwenye hotuba na vitabu vya shule, na neno likishakaa halihamishwi kwa hoja.

Na huko kukua nako kuna hila. Mtoto akikua, amekua yeye, hatumgawanyi. Uchumi unagawanywa kwa watu, na watu nao wanaongezeka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 na ikaonyesha ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Uchumi ukikua kwa 5.5 na walaji wakaongezeka kwa 3.2, kinachobaki kwa kila kichwa ni ziada ya asilimia 2 na kidogo, nayo ni wastani, ambao tumeshauona tabia yake. Mtu anayesema "uchumi unakua lakini sioni" mara nyingi huitwa mlalamishi. Ukimpigia hesabu, anaweza kuwa ameona vizuri sana.

Kwenye kodi ndipo mtaa wangu ulipochachamaa kweli. Katika Kiswahili neno hili ni moja kwa mambo mawili: fedha mpangaji anayompa mwenye nyumba, na fedha raia anayoipa Serikali. Kwa kawaida muktadha unatosha kuyatenganisha. Mwaka 2022 haukutosha. Ilitangazwa kwamba mpangaji atakata kodi ya zuio asilimia 10 kwenye kodi ya pango na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA). Isome tena polepole: kodi kwenye kodi. Kila niliyekaa naye barazani alielewa kwamba kama chumba ni shilingi 50,000, sasa atatoa 55,000.

Kisheria ilikuwa kinyume chake. Kodi ile ni ya kipato cha mwenye nyumba. Mpangaji anazuia 5,000 katika zile 50,000, anaiwasilisha serikalini kwa niaba ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba anapokea 45,000. Neno zuio linatokana na kuzuia, kushikilia kitu cha mwenzako kabla hakijamfikia. Mpangaji ni mpitishaji tu. Wataalamu walifafanua hivyo, kwa uvumilivu, siku baada ya siku.

Ila hapa sikubali kwamba watu walikuwa hawajaelewa. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, mpangaji wa miaka mingi, aliuliza swali ambalo mpaka leo naona halikujibiwa: "Nikimpa baba mwenye nyumba elfu arobaini na tano nikamwambia nyingine iko TRA, mwezi ujao nitalala wapi?" Sheria ilisema mzigo ni wa mwenye nyumba. Nguvu ya kuuhamisha mzigo ilikuwa mikononi mwa mwenye nyumba huyo huyo, kwa sababu vyumba ni vichache na wanaovitaka ni wengi. Wachumi wanalijua hili vizuri: anayeandikiwa kodi na anayeibeba si lazima wawe mtu mmoja, na mzigo humwangukia yule asiye na pa kukimbilia. Mtaa ulilisema bila istilahi yoyote. Septemba mwaka huo Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, aliliambia Bunge kwamba mpangaji anaondolewa wajibu huo na kazi ya kukusanya inabaki kwa Mamlaka yenyewe.

Nikilinganisha, tozo lina uaminifu zaidi. Toza ni kauli ya kusababisha ya toa: kumfanya mtu atoe. Julai 2021 zilipoanza tozo za miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Watu walielewa siku ya kwanza, walikasirika siku ya kwanza, na viwango vikaanza kushushwa miezi miwili baadaye. Ushuru, kwa asili yake ya Kiarabu, ni sehemu ya kumi. Siku hizi hakuna anayelifikiria hilo anapokatiwa risiti sokoni, na pengine ni afadhali.

Riba nayo ina mzigo wa kale. Neno hili limetujia kutoka Kiarabu na maana ya ziada, kuongezeka, likiwa limebeba hukumu ya dini ndani yake. Kwa Mwislamu wa pwani, riba haikuwa kamwe neno la kihasibu. Sasa Benki Kuu imelivisha suti. Tangu Januari 2024 Tanzania inaendesha sera ya fedha kwa kutangaza Riba ya Benki Kuu: ilianza na asilimia 5.5, ikapandishwa hadi 6 Aprili ya mwaka huo, ikakaa hapo mpaka Julai 2025 iliposhushwa kuwa 5.75.

Shangazi alisikia hiyo 5.75 akaniuliza benki gani hiyo. Swali zuri. Mikopo ya benki za kawaida nchini imekuwa ikitozwa karibu asilimia 15 kwa mwaka kwa wastani, na huku kwetu kuna ile mikopo ambayo mtaa umeibatiza kausha damu, inayolipwa kila siku au kila wiki, ambayo ukiipigia hesabu ya mwaka utatamani usingeipiga. Riba ya Benki Kuu si bei ya mkopo wa mtu yeyote mtaani. Ni kigezo ambacho Benki Kuu inakitumia kuongoza bei ya fedha ambazo benki zinakopeshana zenyewe kwa siku saba, ikihakikisha bei hiyo haizidi wala haipungui kigezo kwa zaidi ya pointi mbili za asilimia hivi. Kutoka hapo mpaka kwa muuza maandazi kuna safari ndefu: benki inaongeza gharama zake, inaongeza hofu ya kutolipwa, inaongeza faida yake, kisha inaomba dhamana ya hati ya nyumba. Kigezo kikishuka robo ya asilimia, mawimbi yanamfikia Shangazi kama yanavyomfikia mtu wa Dodoma yale ya Bahari ya Hindi.

Nikiwa hapo niseme na maneno mawili yaliyobadilisha kazi bila kuaga. Rasilimali kwa Kiarabu ni kichwa cha mali, yaani mtaji, fedha ya kuanzia biashara. Leo tukisema nchi yetu ina rasilimali nyingi tunawaza madini, misitu na gesi, vitu ambavyo bila mtaji havitoki ardhini. Na ukwasi, ambao zamani ulikuwa utajiri (mkwasi ni tajiri, na mwenye kusoma tenzi amemkuta humo), sasa ni wingi wa fedha taslimu zilizo tayari kutumika. Ndiyo maana gazeti linaweza kuandika kwamba benki kubwa ina upungufu wa ukwasi bila kumaanisha imefilisika. Msomaji wa tenzi, kwa upande wake, ataenda kutoa akiba yake asubuhi.

Shilingi imenisumbua kwa namna nyingine, maana hapo wanaogongana ni maneno na tarakimu. Desemba 2024 dola moja ilikuwa imeshuka hadi shilingi 2,400 hivi, baada ya kugusa takriban 2,700 miezi michache kabla. Namba imeteremka, na habari inasema shilingi imepanda. Aprili 2025 namba ikapanda tena ikakaribia 2,700, na habari ikasema shilingi imeshuka. Ni rahisi ukishakumbuka kwamba hiyo ni bei ya dola, kama bei ya debe la mahindi. Dola ikiwa rahisi, shilingi yako ina nguvu. Na kama mahindi, dola nayo ina msimu wake: nusu ya pili ya mwaka huja watalii wengi, korosho na tumbaku vinauzwa nje, dola zinajaa, mwanzoni mwa mwaka zinapwa. Kenya waliyaona haya kwa ukali zaidi: Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160 za Kenya, na miezi michache baadaye ikawa karibu 130, baada ya Serikali kupata mkopo mpya wa hatifungani ya kimataifa (hati ya deni inayouzwa kwa wawekezaji wa nje) Februari na hofu ya kushindwa kulipa deni la Juni kupungua.

Swali la kila mtu huwa: mbona shilingi imepanda na bei za vitu kutoka nje hazijashuka? Kwa sehemu ni kwa sababu mzigo ulioko dukani ulinunuliwa kwa dola ya zamani. Mafuta ya magari, kwa mfano, hupangiwa bei kikomo na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hesabu za shehena iliyokwisha kuagizwa, kwa hiyo unafuu wa dola unafika kituoni umechelewa. (Na kikomo ni mwisho wa juu. Kituo kinaruhusiwa kuuza chini yake. Tumezoea kulisikia kama bei yenyewe.) Sehemu nyingine ni kwamba Mangi hana haraka ya kushusha alichokwisha kukipandisha na wateja wakazoea. Hilo sikumwambia Shangazi. Analijua, naye ana yake.

Neno ninalolipenda kuliko yote nimeliacha karibu na mwisho: deni himilivu. Kila tathmini ya deni la taifa ikitoka tunahakikishiwa kwamba deni ni himilivu. Kipimo kikuu kinacholetwa ni thamani ya sasa ya deni la umma (malipo yote yajayo yakipigiwa hesabu kwa fedha ya leo) ikilinganishwa na Pato la Taifa, ambayo kwa Tanzania imekuwa karibu asilimia 40 huku ukomo ukiwa 55. Kipimo hiki kinauliza kama nchi itaweza kuubeba mzigo wa deni na kulipa mafungu yanapoiva bila kushindwa wala kuomba kusamehewa. Hakiulizi kama fedha zilitumika vizuri, wala kama mwalimu na zahanati vilisubiri ili riba ilipwe kwanza. Deni linaweza kuwa himilivu kwa vigezo vyote na bado likawa la hovyo.

Lakini sarufi yake! Katika Kiswahili, kiambishi -vu kikiungwa na kitenzi cha kutenda humtaja mwenye tabia ya kutenda. Msikivu ni mwenye kusikia, mvumilivu ni mwenye kuvumilia. Basi himilivu ni mwenye kuhimili. Deni tunaloweza kulibeba lingeitwa deni linalohimilika. Deni himilivu, kwa kanuni nilizofundishwa, ni deni lenye subira. Nilimsomea Shangazi hili kutoka kwenye daftari langu nikiwa nimejaa ufundi, nikitarajia acheke. Hakucheka. "Si ndivyo," akasema. "Deni ndilo linalotuvumilia sisi. Likichoka utalisikia mlangoni."

Juzi bei ya ngano ilipanda tena. Andazi lake ni shilingi mia mbili tangu nimjue, na wateja wake, makondakta na watoto wa shule, hawana mia mbili na hamsini. Nilikuwa namsaidia kukata. Kila donge nililokata alilirudisha kibaoni akalimega kidogo pembeni, na mabaki yakakusanyika mpaka yakatoa maandazi saba ya ziada. Redio ilikuwa inasema mfumuko wa bei umebaki tulivu. "Waambie darasani," akasema bila kuinua kichwa, "kwa mama Mbagala bei haijapanda. Andazi limepungua."